Maoni ya Watazamaji na Kikapu cha Baba

Alhamisi. Ukungu umekaa hapa Rhotia hadi saa nne asubuhi, na nguo nilizofua jana bado zinadondosha maji. Sina hasira leo, nina aibu. Nimekaa na daftari tangu chai ya asubuhi na sijaandika kitu.

Niliahidi humu daftarini kwamba nitaweka maoni ya watazamaji wa ile filamu ya msafara wa msituni. Nitayaweka, ila itabidi nianze na Baba.

Baba alikuwa mpishi wa kambi za watalii maisha yake yote ya kazi. Ameoka keki ndani ya sufuria juu ya makaa, kule ukingoni mwa kreta ambako asubuhi unakuta maji ya ndoo yameganda. Alistaafu, kisha Mama akafariki, na nyumba ikawa kimya. Kilichomrudishia sauti ni darasa. Kila Jumamosi anawafundisha vijana kumi na wawili upishi wa kambi katika ukumbi wa parokia, na tangu Ijumaa mchana utamsikia akinoa visu na kuimba.

Mwaka juzi wageni walikuja kupiga picha za filamu msituni, juu ya mashamba yetu. Baba akachukuliwa kuwapikia. Siku moja wakahitaji mzee wa kubeba kikapu mbele ya kamera, wakamvalisha yeye. Kwenye hadithi yao msafara unatafuta jiwe la thamani lililofichwa msituni, nyati anatokea, mpishi anatupa kikapu na kukimbia, anawaacha wageni peke yao. Ni sekunde chache tu.

Filamu ilipotoka, mmoja wa wale wageni akanitumia. Nikaazima projekta kwa mwenye duka mmoja Karatu mjini, nikatangaza. Jumapili baada ya misa ya pili ukumbi ukajaa. Baba alivaa koti lake la kwendea harusini.

Nyati alipotokea, Baba akakodoa macho, akakimbia, ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mimi ndiye niliyecheka wa kwanza. Naandika ili nisijidanganye.

Sasa, watu wa huku wanajua kuigiza ni nini. Lakini wamezoea kumwona mzungu wasiyemjua akiigiza, si mzee wanayesali naye. Sura ni ya Baba, msitu ni wetu, kofia ni ileile anayovaa akipalilia mahindi. Basi wakaona ni tukio lililotokea kweli. Na mtu aliyefanya kazi porini akikimbia na kumwacha mgeni, hapa kwetu hana la kusema tena. Mama Neema, jirani yetu, alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Kumbe ndiyo maana walimstaafisha!" Vijana wa darasa lake walikuwa wanamwigiza uani kabla hata filamu haijaisha.

Tangu siku hiyo Baba hajavuka geti. Jana alimtumia paroko ujumbe kwamba hatafundisha tena, magoti yanamsumbua. Magoti yake ni mazima. Juzi tu alipanda juu ya mparachichi wetu.

Haya, maoni. Jumapili nilisimama mlangoni na daftari nikamwuliza kila mtu.

Mwongoza watalii mmoja alisema wale wageni wa kwenye filamu wametembea siku tisa na ndevu hazijaota. Mama mmoja kutoka Ganako aliuliza tope liko wapi, maana viatu vyao ni visafi na udongo wetu huu mwekundu haumwachi mtu. Mwenye projekta alisifu sauti, nadhani alikuwa anasifu spika zake. Wengi walisema nyani analia kama mtoto mchanga. Mama Neema alisema sehemu nzuri kuliko zote ni Mzee Bura, yaani Baba, kukimbia, na akaniambia niandike kabisa kwamba ni yeye aliyesema.

Wa mwisho alikuwa Mzee Saning'o wa Malambo. Yeye ndiye aliyekuwa na punda wa kubeba mizigo enzi za safari za miguu, na Baba ndiye aliyekuwa mpishi. Alikuwa amekuja mnadani, akapita kutazama, akakaa nyuma kabisa. Alisema maneno matatu: "Kikapu kimewekwa vizuri."

Niliandika tu. Nilidhani mzee hakuielewa filamu.

Leo nilipofika kwenye mstari huo nikasita, nikafungua kompyuta. Nikairudisha ile sehemu, nikaipunguza mwendo. Nyati anatokea. Baba anageuka, macho yamemtoka. Halafu, kabla ya kukimbia, anapiga goti moja. Anakiweka kikapu chini kwa mikono miwili, anakisogeza kiegemee mzizi kisije kikaanguka. Ndipo anakimbia.

Nimeangalia mara saba. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka uso, hakuna aliyeangalia mikono. Hata mimi, niliyekua nikimwona akifungasha.

Kwenye safari zile mayai hayakupandishwa punda. Punda akiona mchanga mzuri hujibingirisha na mzigo wake wote. Mayai aliyabeba mpishi mwenyewe, kwenye kikapu, yamezungushiwa majani makavu, toka asubuhi hadi kambini. Saning'o alimwona Baba akibeba hivyo miaka mingi.

Nikachukua kompyuta hadi uani, Baba alipokuwa anapukuchua mahindi. Nikamwonyesha. Aliangalia, akaendelea kupukuchua.

"Walinirudisha mara tano," akasema baadaye. "Yule mkubwa wao anapiga kelele, tupa, tupa! Nilitaka kutupa, mwanangu. Mikono ikakataa."

"Kwani ndani kulikuwa na mayai?"

"Majani matupu."

Nikamwambia, Baba, nisamehe, Jumapili nilicheka. Sikuweza kumwangalia usoni.

"Nilikuona," akasema. "Ulicheka kama mama yako."

Nililia kidogo, pale kwenye mahindi. Yeye alinisogezea hindi moja nipukuchue, nikapukuchua.

Tulipomaliza gunia akasimama, akajipangusa, akanituma dukani Karatu nikalete trei moja ya mayai. Akasema pia nimpigie Saning'o, kama hajarudi Malambo aje Jumamosi na punda mmoja. Nilimpigia mzee, akajibu, "Nakuja," akakata.

Kurudi nilipanda bodaboda, trei mapajani, nimeikumbatia kwa mikono miwili. Nilimwomba dereva aende taratibu na kweli alikwenda taratibu. Hata hivyo, kwenye matuta ya karibu na kanisa nilisikia kitu kikilia chini ya kidevu changu.

Sasa hivi trei iko mezani. Baba ameyahesabu mayai, ameyatoa yaliyovunjika, manne, ameyatia kwenye bakuli kwa chakula cha jioni. Hakunigombeza. Amenifutia ute kwenye mkono wa sweta, akaingia jikoni kutafuta visu vyake, na akiwa humo humo ndani akasema, "Jumamosi na wewe uje darasani."