Shikamoo Nilizokula

Jumapili, 1 Machi

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote: napenda blugrasi.

Basi. Nimeandika. Dunia haijapasuka.

Wenzangu darasani wana siri za maana. Huyu ana mpenzi, yule aliiba majibu ya mtihani. Mimi siri yangu ni muziki wa watu wa milimani, mbali huko Marekani, wanaoimba puani na kupiga banjo kama wanaofukuzwa na nyuki. Hakuna ngoma. Hakuna kinanda. Nyuzi tupu! Nikisikia, vinyweleo vinanisimama.

Na banjo ninayo. Ipo ukutani sebuleni, juu ya televisheni. Mjomba, anayeuza samani za mitumba, alimletea Mama pamoja na kochi, akamwambia ni pambo. Kaka anaiita sufuria yenye shingo. Hakuna anayejua kwamba Mama akienda kwenye cherehani yake na Kaka akienda gereji, mimi naishusha. Nyuma naijaza soksi ili majirani wasisikie. Soksi za Kaka, maana ni nene. Vidoleni navaa subana za Mama, vile vikofia vya chuma vya kuzuia sindano. Wapigaji wenyewe wanavaa kucha za chuma, lakini kucha hizo mimi nitazipata wapi?

Leo Kaka kauliza soksi zake zinakwenda wapi. Mama kasema panya.

"Panya gani anavaa saizi yangu?"

Nikaendelea kusoma.

Jumatatu, 2 Machi

Nimejiunga! Kuna jukwaa mtandaoni la wapenzi wa blugrasi, na wanaandika Kiswahili. Mimi nilidhani niko peke yangu duniani, kumbe tuko kundi zima, tumetawanyika kila mahali kama mbegu.

Sharti ni moja: kila mgeni ajitambulishe. Jina la utani, chombo, ulianzaje, na kidole kinachokusumbua. Nimesoma tambulisho zote kabla ya kuandika yangu. Mmoja ni daktari wa meno. Anapiga fidla kati ya mgonjwa na mgonjwa, na walio kwenye foleni wanadhani ni mashine ya kutobolea. Wawili wameshatoroka. Kidole kinachomsumbua: vyote. Mwingine ana saluni. Besi lake, kama fidla yenye urefu wa mtu, limesimama katikati ya mashine za kukaushia nywele, na mteja aliwahi kulitundikia mkoba. Mwingine ni dereva wa lori la masafa marefu. Mandolini yake, kama gitaa dogo, inakaa kiti cha abiria, imefungwa mkanda.

Yangu nimeiandika kwanza kwa penseli, kisha nikainakili. "Wapendwa wanajukwaa, kwa heshima na taadhima naomba kukaribishwa." Jina: Uzi wa Tano. (Ule uzi mfupi wa banjo, unaoanzia katikati ya shingo kama mtu aliyechelewa.) Halafu aya tatu za historia ya banjo. Halafu mambo yangu, yote ya kweli: mimi ni mtu mkimya, navaa miwani, mgongo unanisumbua, nalala mapema, na nyumbani nikiongea hakuna anayesikiliza. Kidole: cha pete, mkono wa kushoto. Kinakakamaa.

Nikatuma. Nikazima simu. Nikaikalia.

Jumanne, 3 Machi

Balaa.

Wa kwanza kujibu ni Dereva. Haandiki, anatuma sauti. Sauti nzito kama injini yake: "Shikamoo, mzee wetu! Karibu sana!" Picha yake ina ndevu nyeupe.

Daktari wa Meno: "Shikamoo mzee. Kwa huo mgongo, lalia godoro gumu."

Mwenye Saluni: "Shikamoo babu. Hao wasiokusikiliza hapo kwako, Mungu anawaona."

Msimamizi wa jukwaa: kwamba wamebahatika kupata mtu mzima mwenye busara, vijana wa siku hizi hawana subira ya kuandika aya.

Nikaurudia utambulisho wangu neno kwa neno. Hakuna uongo hata mmoja! Mgongo ni wa mkoba wa vitabu. Miwani ni miwani. Lakini ukivijumlisha vyote unapata babu.

Nifanyeje? Kunyamazia shikamoo ni utovu wa adabu. Kuwaambia ukweli ni kuwaaibisha watu wazima mbele ya watu wazima wenzao. Niliandika, nikafuta. Niliandika, nikafuta. Mwisho nikatuma neno moja.

"Marahaba."



Alhamisi, 5 Machi

Uzee mtamu jamani!

Darasani leo nilinyoosha kidole, mwalimu akamchagua aliyekaa nyuma yangu. Jukwaani nikiandika "nadhani" tu, watu wanatulia. Daktari wa Meno na Mwenye Saluni walikuwa wanabishana kama fidla iingie kabla ya banjo au baada. Nikaenda kusoma, nikarudi na jibu. "Mzee kashasema," akaandika Mwenye Saluni, na ubishi ukaisha. Mimi! Nimemaliza ubishi!

Halafu Dereva. Ametuma sauti, safari hii ya chini. Anasema madereva wenzake kwenye kituo cha kupumzikia wanamcheka, eti mandolini inalia kama mbu na yeye anaimba kama anayeota. Umri wake huu, anasema, pengine ni wakati wa kukitupa kidude. "Mzee wangu, wewe umeona mengi. Niendelee au niache? Utakalosema ndilo."

Nilirudia kusikiliza sauti zote alizowahi kutuma. Tatizo nikaliona: anaimba chini mno, anajificha. Muziki huu unataka uimbe juu, pale sauti inapotaka kukatika. Nikamwandikia hivyo. Nikamwambia aendelee. Na mwisho nikaandika, sijui shetani gani alinishika mkono: "Usife moyo, mwanangu."

Mwanangu!!

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimeingia mviringo wa kwanza. Ndivyo wanavyouita: kila Jumamosi alasiri wanakutana kwa video kupiga. Kwa kuwa sauti zinachelewa mtandaoni, huwezi kupiga pamoja, inakuwa vurugu. Basi mmoja tu anaongoza na kusikika. Wengine wote wanafungwa sauti, kila mtu anamfuata akiwa kwake. Mimi kamera nilizima. Nilipiga vibaya kwa furaha kuu.

Kichekesho: kwenye muziki huu, anayeongoza akitaka wimbo uishe ananyanyua mguu. Daktari wa Meno akanyanyua mguu. Kamera yake inaishia kifuani. Akanyanyua zaidi. Tukaendelea tu. Wimbo uliisha alipoanguka na kiti.

Kisha Dereva akaongoza, na akaimba juu. Juu kabisa! Sauti ilikatika mara mbili na kila ilipokatika machozi yalinitoka. Alipomaliza akasema, mbele ya wote, kwamba alikuwa anaacha, na kwamba asingekuwa Mzee Uzi leo tusingemwona.

Hapo Msimamizi akasema: kwa desturi, mgeni akishahudhuria mara moja, Jumamosi inayofuata anaongoza yeye. Kamera wazi. Tumwone mzee wetu.

Nimekufa.

Jumatano, 11 Machi

Mama amejua. Naandika nikiwa nimetulia, maana baya zaidi limeshapita. Nadhani.

Spika za masikioni zimeharibika, kwa hiyo nilikuwa nasikiliza ujumbe wa Dereva kwa sauti. Banjo mapajani, soksi inachungulia, subana tatu vidoleni. Nilijua Mama yuko kazini. Kumbe mkanda wa cherehani ulikatika, karudi kuchukua mwingine.

"Shikamoo, mzee wangu!" ikasema simu. "Ni mimi kijana wako. Jumamosi nitakuona uso kwa uso, nikuinamie kabisa!"

Mama mlangoni. Alianza kuangalia subana. Kisha soksi. Kisha simu.

"Nani huyo?"

"Dereva."

"Dereva wa nani?"

"Wa lori."

"Anamwamkia nani?"

Nikaisukuma soksi ndani.

"Nakuuliza, humu ndani anamwamkia nani?"

"Mimi."

Akachukua simu. Akaiona picha. "Mtu ana mvi mpaka kwenye nyusi! Na wewe unamjibuje?" Akaanza kusoma kwa sauti, taratibu kama anasoma vipimo vya mteja: "Marahaba, mwanangu. Endesha salama." Akakaa kwenye kochi la Mjomba. "Mwanangu," akasema. "Umezaa lini?"

Nikamweleza yote. Hakunipiga, hakupiga kelele. Akanyoosha mkono: "Subana zangu." Nikazivua. Akafika mlangoni, akageuka.

"Hicho kidude kinalia kweli?"

Nikapiga, kwa vidole vitupu. Alisikiliza kasimama na mkanda wa cherehani begani. Akasema kinalia kama cherehani yenye haraka. Kwa Mama, hiyo ni sifa.

Alhamisi, 12 Machi

Mama amesoma tambulisho zote. Zote! Wakati wa kula alikuwa anacheka peke yake. "Huyo wa saluni nampenda." Halafu akaacha kucheka, akatoa hukumu.

"Shikamoo zote ulizokula, utazirudisha. Kwa mtu mmoja mmoja. Kwa mdomo, siyo kwa kuandika. Na uso wako wauone."

"Wataniondoa."

"Wakikuondoa, ondoka na adabu zako."

Kaka hajafurahi hivi tangu azaliwe. "Shikamoo babu, naomba chumvi." "Babu, mgongo vipi?" "Babu, na soksi zangu ulizila pamoja na shikamoo?"

Nikasema siogopi kuondolewa. Uongo, naogopa, ni mahali pekee ninapoongea. Lakini ninachoogopa zaidi ni Dereva. Alikuwa anaacha, akaendelea kwa sababu ya mzee. Akijua mzee mwenyewe ni mtoto wa shule mwenye soksi za kuiba, ataona amechekwa mara ya pili. Ataacha kweli.

Kaka akaweka chumvi chini. Mama akatafuna kidogo.

"Ulipomwambia aimbe juu, ulimdanganya?"

"Hapana. Ndivyo nilivyosikia."

"Basi kamwambie na hilo."

Ijumaa, 13 Machi

Sijala vizuri. Mama kanirudishia subana mbili. Ya tatu anaitumia.

Jumamosi, 14 Machi

Nyuso zimejaa kwenye simu, kila mtu na kidirisha chake. Mama pembeni, nje ya kamera, anakunja pindo la sketi ya mtu na kujifanya hayupo.

"Mzee Uzi, fungua kamera," akasema Msimamizi.

Nikafungua.

"Aah, binti, hujambo! Tuitie babu, mwambie tunamngoja."

"Mjukuu huyo," akasema Mwenye Saluni. "Tazama alivyofanana na babu yake!" Babu ambaye hajawahi kumwona!

Nakiri hapa kwamba nilitaka kusema ametoka. Mdomo ulishafunguka. Mama akanikanyaga.

"Babu hayupo," nikasema. "Hajawahi kuwepo. Uzi wa Tano ni mimi. Nina miaka kumi na tano. Mgongo ni mkoba wa vitabu." Hakuna aliyetikisika, nikadhani mtandao umekwama. "Mliniamkia nikaitikia. Nimekuja kuzirudisha. Msimamizi, shikamoo."

Msimamizi alivua miwani, akavaa, akavua. "Marahaba," akasema hatimaye, kama anayetia sahihi.

Nikaenda mmoja mmoja. Daktari wa Meno, shikamoo. Marahaba, akasema, halafu kwa unyonge: "Na lile godoro ulinunua?" Mwenye Saluni alicheka mpaka akaliegemea besi, besi likaegemea mteja. "Marahaba babu! Marahaba!" Na wale wengine ambao hata sijawahi kuongea nao, wote. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa inatoka. Sijawahi kuongea na watu wengi hivyo.

Nilimwacha Dereva mwisho. Siyo kwa mpango. Nilikuwa namkwepa.

Alikuwa ndani ya lori, limesimama, mandolini kifuani.

"Shikamoo," nikasema.

Akanitazama. Kisha akatazama nje ya dirisha la lori, kule ambako mimi sikuweza kuona kuna nini.

"Shikamoo, baba," nikasema tena. Mama akaacha kukunja pindo. "Umri ulikuwa wa uongo. Kuhusu kuimba sikukudanganya. Nilisikiliza sauti zako zote kwanza, ndiyo nikaandika. Ilipokatika ile Jumamosi, mimi huku nililia."

Akatoa kitambaa, akaifuta mandolini, upande mmoja, upande wa pili, ingawa ilikuwa safi. Msimamizi akakohoa, akasema tuendelee, desturi ni desturi, anayeongoza aongoze. Akafunga sauti za wote isipokuwa yangu. Nikaweka banjo vizuri. Leo bila soksi.

Kidirisha cha Dereva kikawaka. Alikuwa amenyoosha mkono, anaomba kusema. Msimamizi akamfungulia.

"Ufunguo gani?" akauliza.

Hilo tu: wimbo uko sauti gani, apate kunifuata. Na hakunitazama, alikuwa anatazama nyuzi zake.

"Hajaitikia," Mama akanong'ona.

Najua hajaitikia.

"G," nikasema.

Akainama, akakaza uzi mmoja. Nikahesabu mpaka nne kwa sauti, kama wanavyofanya wanaoongoza, nikaanza.