Mbegu Niliyobakisha Mkebeni

Mwikali mwanangu, uliyelala pale kando ya mtaro wa mwisho wa shamba,

Sikuandikii ili nikulilie. Nililia nikamaliza, na wewe mwenyewe hukupenda mama wa kelele. Kuna jambo nililowaficha watu, na wewe ndiye uliyeangukiwa nalo.

Unaukumbuka mkebe? Ule wa mafuta ya kupikia, nilimowekea mbegu za maharagwe na majivu zisitobolewe na wadudu. Juu ya mbegu ndipo nilipoweka zile dawa za rangi mbili, nyekundu na nyeusi, ulizokuwa ukiniletea kila mwisho wa mwezi ulipokuwa ukishona nguo huko viwandani Athi River. Tumbo likinisokota nameza moja jioni, moja asubuhi. Nikipata nafuu, zingine zinarudi mkebeni. Wewe ukihara, mbili. Jirani akikohoa, moja. Kuku wakisinzia, nafungua moja namwaga unga wake kwenye maji yao.

Ulinicheka. "Mwaitu, mama yangu, wewe ni daktari wa watu na wa kuku."

Nikakujibu kwamba anayemaliza dawa zote ni kama anayepika mbegu zote. Msimu ujao atapanda nini, meno yake? Nilijiona mjanja. Hata kanisani nilijigamba kwamba nyumba yangu haijui magonjwa.

Kisha ukamzaa Kasyoka. Siku ya tatu mwili wako ukawa moto kama jiwe la jikoni. Daktari akaniuliza mbele ya wanawake wote wa wodi, "Mama, huyu amekuwa akitumia dawa nyumbani?"

Nikamwambia, "Kwetu hatuugui."

Ulinitazama, Mwikali. Nguvu ya kusema hukuwa nayo, ulikuwa na ya kutazama tu. Wakakudunga dawa ambayo ni ndugu ya ile ya mkebe, siku mbili zikaenda bure. Wakabadilisha. Wakasema imekataa. Wakaleta ya tatu, lakini wewe ulikuwa umeshachoka kungoja.

Kasyoka sasa ana miaka sita. Mwaka huu akaja msichana wa maabara hapa kwetu Kalama, amebeba vikopo, anatafuta watu wasiougua. Nikamwambia, "Wewe mtoto, mimi niko na afya kukushinda. Choo changu unakitakia nini?"

"Ndiyo maana ninakitaka, Susu. Cha wagonjwa tuko nacho." Aliniita Susu, bibi, kama Kasyoka anavyoniita.

"Na ukishakipata utakipika?"

Alicheka mpaka akaketi juu ya kinu. Nikampa, na Kasyoka naye akampa chake, anajivuna kama anapeleka sadaka.

Aliporudi hakucheka. Akasema sisi wawili tuko na wadudu tumboni ambao dawa nyingi haziwawezi. Wametulia humo, hawatusumbui. Siku wakiingia kwenye damu au kwenye kidonda, hapo ndipo tutawajua. Na wanapita kwa mikono, kwa maji, kwa chakula. Nikamwambia vikopo vyake vimechanganyika. Akaniuliza habari za dawa, nikamletea mkebe kwa kiburi. Akafunua, akaona rangi mbili zimelala juu ya mbegu.

"Susu, mbegu ya mahindi unaichagua vipi?"

"Mwaka wa jua kali, mengi yanakufa. Yaliyovumilia ndiyo napanda."

"Basi hata hao wadudu umewachagua hivyo. Kila ulipomeza mbili ukaacha, wanyonge walikufa. Wenye nguvu wakabaki wakazaa."

Sikuhitaji shule kuelewa hilo. Mbegu ndiyo kazi yangu.

Nikamuuliza kama ni mimi peke yangu. Akatazama moshi wa majiko bondeni kote, akasema, "Ningefurahi ungekuwa wewe tu." Sasa Jumapili tukipeana mikono ya amani, mimi naangalia mikono. Watu wanene, wenye meno meupe, wanaimba. Hakuna anayekohoa. Hakuna anayejua alichobeba.

Dawa alienda nazo. Mkebeni nimeweka karatasi aliyoniandikia, kwa sababu Alhamisi Kasyoka anapasuliwa huko Machakos. Kile kitovu chake kilichotokeza tangu azaliwe sasa kinamuuma, lazima kirudishwe ndani. Karatasi inasema dawa gani zimekataa kwake, na mbili ambazo bado zinafanya kazi. Msichana akaniambia, "Mpe daktari kabla ya kisu, Susu, si baada." Nikamuuliza na hizo mbili zikikataa? Akaanza kupanga vikopo vyake.

Nimekaa siku nne na hii aibu. Kusema mbele ya foleni ya hospitali kwamba ubaya huu umetoka jikoni kwangu, mimi niliyewasema wake za watu kwa sufuria chafu. Lakini nitasema. Nitasema hata kabla sijaulizwa, na atakayecheka acheke, naye ana tumbo.

Wewe sasa nisikilize, usilete huruma zako. Ukimwona Kasyoka anakuja huko kwako, usimkumbatie. Mgombeze kama nilivyokuwa nikikugombeza, umgeuze arudi. Mwambie Susu yuko mlangoni, na safari hii amesema ukweli.

Ni mimi, Mwaitu wako, yule uliyemtazama.