Klachi Inayoteleza na Mkono Wangu wa Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Baada ya kazi, barabara ya tanuru za matofali tena. Mizunguko minane. Baridi, vumbi. Malori yanayokwenda mpakani Kasumbalesa yanapita, tunasimama pembeni kuyasubiri.

Kona ya tanuru imenishinda. Nashusha gia kutoka ya nne hadi ya pili, naachia klachi, na gurudumu la nyuma linaanza kurukaruka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mara tatu leo. Mara ya tatu nilidhani naanguka.

Pikipiki ya cc mia na ishirini na tano! Nyepesi kabisa. Kwa nini initupe kama farasi?

Shemeji Kaumba, kaka wa mke wangu, ndiye anayenishikia saa. Na yeye atashindana kwenye mbio za Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa pikipiki kama yangu. Kona hiyohiyo anaipita kama mtu anayekwenda misa. Ananiambia nipige gesi kidogo kabla ya kuachia klachi, injini izunguke sawa na gurudumu. Najua. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nimeudhika mpaka nimekosa hamu ya kula.

Jumatano, 5 Juni

Nimepita kwa Frère Anselme, mtawa aliyenifundisha kukereza chuma zamani. Mzee sasa, lakini bado anapokea majarida ya pikipiki kutoka Ulaya, yakichelewa miezi. Katika mojawapo, mchoro wa pikipiki kubwa ya mashindano iliyopasuliwa katikati. Ndani yake klachi inayoteleza. Ukiongeza gesi inashika kama kawaida. Ukishusha gia na gurudumu likaanza kuisukuma injini, viteremko vidogo vya chuma vinainua diski zake, klachi inateleza kidogo, gurudumu halifungi.

Ndicho ninachokitaka.

Frère akacheka. Pikipiki ile ina silinda nne, akasema, yako moja. Injini ndogo haina nguvu ya kulifunga gurudumu. Halafu akakuna kidevu. Lakini ukibana breki ya mbele sana, uzito wote unakwenda mbele, nyuma panabaki pepesi. Hapo hata nguvu kidogo inatosha kulirusha. Basi labda, akasema. Labda kidogo.

Labda kidogo. Nimeondoka na labda kidogo.

Jumamosi, 8 Juni

Salongo, kazi ya lazima ya umma. Asubuhi nzima tumezibua mifereji ya mtaa wa Hewa Bora, halafu nyimbo za chama. Kichwani mwangu viteremko tu.

Mchana nikamwomba Citoyen Mwilambwe, msimamizi wetu wa karakana, mashine ya kukerezea baada ya saa za kazi. Amekataa. Mashine ni ya taifa, si ya michezo. Miaka kumi na minne nimesimama mbele ya mashine ile. Hata kukataliwa kwa upole sikupata.

Jumanne, 11 Juni

Citoyen Mwilambwe amebadili mawazo. Saa ya chakula tu, na chuma nitafute mwenyewe. Dereva mmoja wa lori wa njia ya Kasomeno amenipa kipande cha ekseli iliyovunjika. Chuma kigumu, kizuri. Nimeanza.

Sili mchana tena. Mama Monga, mke wangu, ameuliza kwa nini suruali inalegea. Nimesema kazi ni nyingi. Mwaka jana nilipoanguka na kuvunjika kifundo cha mkono wa kushoto, alisema neno moja tu: nikianguka tena anarudi kwao Kongolo na watoto. Hajalirudia. Hana haja.

Ijumaa, 14 Juni

Upuuzi mtupu. Nimekata kitovu cha klachi vipande viwili, nikachonga viteremko vitatu, nikafunga. Springi ni dhaifu. Inateleza hata ninapoongeza gesi. Injini inalia, pikipiki haiendi. Wafyatua matofali wamesimama kutazama. Mmoja amepiga makofi.

Kaumba hakucheka. Ningependa angecheka.

Jumatatu, 17 Juni

Springi nyingine, ngumu zaidi. Mbele inashika vizuri. Ila viteremko nilivichonga vikali mno. Nikishusha gia, klachi inaachia kabisa. Injini haisaidii hata kidogo kupunguza mwendo. Nimeingia kona ya tanuru kana kwamba sina gia, breki hazikutosha, nikapitiliza moja kwa moja hadi kwenye matofali mabichi. Nimevunja matofali ya watu. Sikuumia. Nimeomba radhi, nimesaidia kufyatua mengine hadi jioni.

Mama Monga ameuona udongo kwenye magoti. Ameweka bukari, ugali wetu, mezani, amekwenda kukaa nje. Afadhali angepiga kelele.

Alhamisi, 20 Juni

Inafanya kazi!

Nimevipunguza viteremko kwa tupa, kidogo kidogo, siku mbili. Leo mizunguko kumi. Nne, tatu, mbili, naachia klachi kama mlevi, na gurudumu limetulia. Ukisikiliza unasikia mkwaruzo mdogo, basi. Nilipiga kelele ndani ya kofia ya chuma.

Halafu nikaiangalia saa ya Kaumba. Hakuna kitu. Muda uleule wa klachi ya zamani. Yeye akapanda yake, klachi ya kiwandani, akapiga gesi yake kidogo kwenye kona, akanipita kwa muda kama kawaida.

"Shemeji, ile kintu yako iko muzuri," akasema. "Lakini pikipiki ndogo haina lazima nayo. Muntu mwenye anajua kupiga gesi, ile inamusaidia nini?"

Nimemwambia hajui kitu. Nimemwambia maneno mengine pia, ambayo siyaandiki. Nimeisukuma pikipiki hadi nyumbani kwa miguu, kwa hasira, na petroli ilikuwemo.

Jumamosi, 22 Juni

Kaumba amekuja nyumbani mwenyewe. Hakuzungumzia matusi yangu. Akaomba kuijaribu pikipiki yangu. Akaenda mizunguko mitano, akarudi, akaizima, akakaa juu yake akifikiri.

"Lete mukono," akasema. "Ule wa kushoto."

Nikampa. Akaingiza vidole vyake katikati ya kiganja changu.

"Kamata. Kamata na nguvu."

Nikabana. Kidole cha gumba, cha shahada, cha kati. Viwili vya mwisho havikusogea. Mwaka mzima havisogei vizuri, na siku za baridi sivisikii kabisa. Sijamwambia mtu.

"Njo maana," akasema Kaumba. "Hauachilie klachi pole. Inakuponyoka. Haiko pikipiki njo inaruka, shemeji. Iko mukono."

Nikamwambia basi klachi yangu ina faida. Akasema ndiyo. Kwake haina, kwa pikipiki haina, kwangu inayo. Halafu akaniuliza swali ambalo nimelikimbia tangu plasta ilipotolewa: "Na ku mashini, ku kazi, unafanyaka namna gani?"

Nikachukua kitambaa, nikafuta tangi. Ameondoka. Nina hasira naye kwa sababu amesema kweli. Nina hasira na vidole viwili. Nimetumia wiki mbili na ekseli ya lori kutengeneza kitu cha kuficha vidole viwili.

Jumatano, 26 Juni

Imetokea.

Asubuhi, baridi kali. Nilikuwa nafunga kipande kwenye mashine. Mkono wa kushoto unatoa ufunguo wa kubania, mkono wa kulia unawasha. Nimefanya hivyo mara elfu. Nilidhani mkono wa kushoto umeshautoa. Haukuutoa. Nikawasha.

Ufunguo uliruka, ukapita karibu na sikio la Citoyen Mwilambwe, ukapiga ukuta. Chokaa ikamwagika begani mwake.

Hakunitukana. Aliuokota ufunguo, akanikabidhi upande wa mkono wa kushoto. Ukaniponyoka. Akauokota tena.

Kuanzia Jumatatu, ghala. Nitagawa skrubu na grisi. Nimesema mwaka huu mkono utapona. Akasema, "Citoyen, ningekuwa maiti saa hii." Kweli. Nimekaa chooni muda mrefu, nimelia kama mtoto. Kisha nimerudi nikaifagia sehemu yangu, nikaipaka mashine mafuta.

Nyumbani sijasema.

Jumapili, 30 Juni

Mbio. Askari majandarme wamefunga barabara ya tanuru, watu wamejaa juu ya vichuguu. Pikipiki kumi na moja, zote ndogo. Nilifikiri nisiende. Nikaenda.

Mizunguko ishirini. Kona ya tanuru mara ishirini. Gurudumu la nyuma halikuruka hata mara moja. Mzunguko wa kumi na tatu kijana wa Likasi mbele yangu alishusha gia vibaya, nyuma ikaruka, akalala chini. Nikafunga breki kwa nguvu zote, nikashusha gia mbili kwa pamoja, klachi ikateleza, nikampita pembeni kwa upana wa kiganja. Kwa klachi ya zamani ningemgonga. Hili nina hakika nalo. Yeye aliinuka akichechemea, akapunga mkono.

Kaumba wa pili. Mimi wa sita. Aliyeshinda alikuwa na klachi ya kiwandani.

Frère Anselme alikuja na mwavuli wa jua. Aliniuliza kama ile klachi ina faida. Nimesema pikipiki ndogo inaweza kuishi bila yake. Mtu fulani labda hawezi. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu lisilo kwenye kitabu.

Nimemwambia Kaumba nimeacha mashindano. Nimemwomba msamaha kwa maneno ya siku ile. Akasema ameshasahau. Hajasahau, lakini alisema.

Jumanne, 2 Julai

Siku ya pili ghalani. Kimya. Mashine yangu naisikia nyuma ya ukuta, mwingine anaiendesha. Anailazimisha mno. Nimejizuia kwenda kumwambia.

Nimerudi mapema. Mama Monga alikuwa akipepeta unga uani. Nikakaa kwenye kiti kidogo nikamweleza yote kwa mpigo. Vidole, ufunguo, ghala, hata matofali. Nilingoja aseme Kongolo.

Aliendelea kupepeta. Halafu akasema, "Baba Monga, minajua. Mwaka muzima unamubebaka mutoto na mukono moja tu."

Akaingia jikoni, akatoka na beseni la maji ya moto na chumvi. Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akauzamisha, akaanza kunyoosha vidole, kimoja kimoja. Kidole cha mwisho kiliuma. Nikamwambia kinauma. Akasema ni vizuri.

Tulikaa hivyo hadi maji yakapoa. Akaenda kuongeza mengine.