Cyriaque na Majina Yaliyokuwa Kwenye Kibao

Mwaka umetimia, Cyriaque wangu, Baba Valéry, tangu ile asubuhi ya Mei 2011 ulipotutoka. Kofia yako bado inaning'inia pale mlangoni. Kila anayepita anaigusa, na mimi mkeo simkatazi mtu.

Miaka kumi na miwili ulisukuma vitanda vya wagonjwa kule hospitali ya Flemingsberg. Ulirudi nyumbani Hässelby umechoka hoi, lakini hukuvua viatu kabla ya kumuuliza kila mtoto siku yake ilikwendaje. Uliuliza kwa Kiswahili, ukajibiwa kwa Kiswidi. Ulicheka tu, ila mimi nilijua linakuuma. Uliniambia kwamba ng'ombe wa baba yako, tuliowaacha Burundi siku ya kukimbia, utazikwa na majina yao, kwa kuwa hakuna mtoto anayeyauliza.

Halafu ikaja ile Jumapili ya kiangazi. Tulikuwa tukitembea nje kidogo ya mji, ukaona kibao cha chuma kando ya barabara, na chini yake majina: Majros, Stjärna, Blända, Brunte. Bwana wewe! Ulivua kofia, ukainamisha kichwa, ukaanza kuwaombea marehemu, ukidhani ni majina ya watu. Binti yetu Mélissa akakuvuta mkono, akatusomea: miaka mia tatu iliyopita watu wa kwanza kufuga sehemu ile walichunga hapo, na hao walikuwa ng'ombe wao watatu na farasi mmoja.

Nilidhani utaona aibu. Wapi! Ulipigwa na butwaa, machozi yakakulengalenga, ukagusa kila jina kwa kidole.

"Fébronie," ukaniambia, "hata huku kwenye theluji kuna watu waliowapa ng'ombe wao majina."

Kofia hukuivaa tena mpaka tulipofika kituoni. Uwanda nyuma ya kibao ulikuwa mtupu, lakini uliutazama hivi kwamba mwili ulinisisimka, nami nikawaona wanyama wale wakila majani.

Ndipo Mélissa, ambaye tangu aanze shule hakuwahi kukujibu kwa lugha yetu, akakuuliza, "Baba, wenu waliitwaje?"

Ukamtajia: Bihogo, Gitare, Gaju. Walikuwa wanne, lakini jina la wa nne likakukimbia kabisa. Mélissa aliyaandika nyuma ya tiketi ya treni, akaacha mstari mmoja wazi kwa ajili ya wa nne. Tangu hapo kila wiki alikuuliza, kwa Kiswahili, kama umeshalikumbuka. Hata wiki ya mwisho alikuuliza, nawe ukatikisa kichwa, ukatabasamu.

Jumapili hii tunarudi pale kwenye kibao. Mélissa atasoma majina yao na ya ng'ombe wenu pamoja, na sisi sote tutavua kofia.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Fébronie, wanao Valéry na Mélissa, mjukuu wako Gaël uliyemfundisha kupiga mluzi, na dada yako Godelieve wa Sundbyberg. Haitapita siku tusikutaje.

Na ukionana na baba yako huko uliko, muulize wa nne aliitwa nani. Mstari wake bado uko wazi.