Usaili Ulioniambia Umeahirishwa

Mchafukoge, Dar es Salaam

Mdogo wangu Brightness,

Huku mvua zinanyesha na Jangwani kumejaa maji. Duka la vitenge la mama linaenda vizuri.

Mwezi uliopita nilikutana Kariakoo na yule wakala anayepeleka wauguzi Ujerumani. Akaniuliza, "Clotilda, mbona hukuja kwenye usaili? Mdogo wako alisema umeolewa, umeghairi."

Wewe uliniambia usaili umeahirishwa. Kumbe nafasi ilikuwa moja, ukaenda peke yako, na Kijerumani nilikufundisha mimi, hapa sebuleni.

Mama sijamwambia. Bado anakusifia kanisani.

Wakala alinitafutia usaili mwingine, nami nimepita. Nakuja huko karibuni. Mama atakuomba unipokee uwanja wa ndege. Mkubalie, lakini usije.

Dada yako,
Clotilda