Kimondo Nilichokiona Nikanyamaza

Tetu, Nyeri
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Tata Wachuka, shangazi yangu,

Habari za Wang'uru? Natumai mgongo umepoa na mchele unanunuliwa. Huku baridi imeshuka, asubuhi vidole vinagoma kukamua. Sisi ni wazima. Binti yako Nduta pia ni mzima, ingawa najua Baba alikupigia juu yake.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu siwezi. Mama huweka spika, na mimi unanijua, mbele ya watu siongei.

Jumatatu alfajiri tulikuwa tunapeleka maziwa kituoni, kila mtu na mtungi wake. Nduta aliinama kufunga kamba ya kiatu. Hapo ndipo kimondo kikapita, kutoka upande wa Mlima Kenya hadi Nyandarua, kijani, kama mtu anachomelea geti angani. Niliona hadi kivuli changu kwenye majani ya chai. Nduta aliona mwanga chini tu. Akauliza ni nini, nikamnong'onezea yote.

Kufika kituoni, yeye ndiye alisimulia. Ati mtu anachomelea geti angani. Watu wakamzunguka wakicheka. Shuleni mwalimu akamsimamisha mbele ya gwaride, akapigiwa makofi. Maneno ni yangu, Tata. Nilikuwa kwa mstari na sikufungua mdomo.

Jumatano nilimwaga jagi la maji ndani ya mtungi wake. Nilitaka wamtazame vibaya, siku moja tu. Theuri, karani wa maziwa, akatumbukiza kipimo kikazama, ishara kwamba maziwa yana maji. Akamrudishia maziwa mbele ya watu, na akatukataza nyumba yote kuleta maziwa wiki nzima. Mama mmoja akasema, "Kumbe ile nyota ilimwangukia kwa mtungi." Wakacheka tena, lakini sasa ni kile kicheko kingine.

Baba aliuliza ni nani. Nduta alinitazama kidogo.

"Ni mimi, Mjomba. Nilisuuza mtungi nikasahau kumwaga maji."

Ndiyo maana Baba anataka kukurudishia Nduta muhula ukiisha. Na Nduta alijua, maana aliniona nikirudisha jagi jikoni. Badala ya kushukuru nilimwonea wivu tena, vile anaweza kusema uongo mzuri hivyo mbele ya Baba, na mimi hata ukweli unanishinda.

Barua hii nampa jirani yetu Phyllis leo, anakuja huko Jumanne kununua mchele. Ikitoka mkononi mwangu hairudi, kwa hivyo lazima Baba asikie kabla yako. Nitamwambia kesho tukikamua, uso wangu ukiwa kwa ng'ombe. Tafadhali, usimkasirikie Nduta.

Nisalimie Kanyi na mtoto Gathigia. Mungu awatunzie mpunga na afya.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nakupenda hata kama sisemi,
Warigia

Nduta akija likizo, muulize habari za kimondo. Mwache asimulie hadi mwisho, anajua kusimulia. Lakini wewe ujue aliyekiona ni mimi.