Pahali Mupira Iliangukia

Gashonga, siku ya Ijumaa

Kwako Yaya Védastine, dada yangu mukubwa,

Salamu mingi toka kwangu na toka kwa binti yangu Mugwaneza. Muguu yako ilikuwa inavimba, imepoa? Shemeji Buhendwa bado anakohoa? Na batoto bote? Hapa mvua iko, muhogo iko, tunakula. Kusema tuko bazima sitasema, juu unajua mambo ya bega ya Mugwaneza.

Sikupiga simu. Ku simu ungeniuliza, nami ningenyamaza, ungesema rezo ya simu ni mbaya. Nimeandika mwenyewe, sikutaka muntu aniandikie. Maandiko yangu ni mbaya, usome polepole. Maman Nzigire anavuka mupaka kesho na nyanya zake, atakupatia mukononi.

Nilisikia unakuya siku ya Mungu, kesho kutwa, ku mukutano ya bazazi. Jirani yetu Maman Thacienne alisema utasimama mbele ya bantu, useme yule kochi Christophe-Aimé ameharibu mutoto yetu, bamufukuze. Alisema na kitenge ya kuvaa umeshachagua. Basi soma hii kwanza.

Mbele ya kwenda Huye ku mashindano, kochi alipima batoto ba voleboli mabega. Hukuona ile kitu, nakuambia vile inafanywa. Mutoto anakaa chini, mugongo ku ukuta, miguu imenyooka mbele. Anapewa mupira ya ngozi, nzito kama imejaa muchanga. Anairusha na mukono moja, kisha na ule mwingine. Mugongo haiachi ukuta. Kochi alisema ni vile juu miguu na kiuno bisisaidie, bega ijibu peke yake. Kisha banapima toka ukuta mpaka pahali mupira iliangukia.

Siye bazazi tulisimama kando, tunacheka, tulizania ni mashindano. Kochi akasema hapana, hatafuti mwenye kurusha mbali. Mukubwa atapita mudogo, hiyo haina habari. Yeye analinganisha mukono ya kuume na ya kushoto ya mutoto moja, na vile alirusha mara ya mbele. Mwenye kupiga na kuume, kuume ipite kushoto kidogo. Kama kuume imebaki nyuma ya kushoto, bega inaficha kitu. Huyo hachezi, anapumuzika, anaenda kwa daktari. Akasema tena kipimo peke yake haitoshi, lazima na kumuuliza mutoto kama anaumwa.

Nilisikia yote. Sitasema sikusikia.

Fundi Latifu alikuwa pale, juu siku ile hatukuwa na kazi. Unajua ku shantiye, pale tunajenga Kamembe, mimi nakoroga beto, nabeba ndoo, namushikia Latifu metre. Kila siku nilikuwa nabaambia Mugwaneza atachukuliwa na lise moja, shule kubwa ya Kigali, bakubwa ba ile lise bangekuwa Huye kuangalia. Latifu ananicheka, anasema Papa Mugwaneza, ukifika Kigali utakuwa unakoroga beto na koti na kravati, siye hutatusalimia tena.

Kochi akatafuta muntu wa kusimama kule mupira inaanguka. Akaniita mimi, juu najua metre. Mupira inaacha alama ku vumbi, natia kijiti, navuta metre, nasoma kwa sauti. Yeye anainama pale ukuta anaangalia mugongo ya mutoto. Mupira haangalii, na bazazi banaangalia batoto ku ukuta.

Ya Huye unaijua nusu. Seti ya pili niliona Mugwaneza anashika bega. Kochi akamuita, akamuambia atoke. Akakataa, akasema iko sawa. Mupira ikapanda, akaruka, akapiga, akaanguka. Hakulia. Unajua mama yake pia alikuwa vile.

Daktari akasema nyama ya ndani imepasuka, na haikuanza siku ile, ilianza zamani kidogo. Kama atapiga tena kama mbele, hajui. Pale ndipo bantu balianza kusema, sasa kochi alipima nini? Nawe ulisema vile vile. Kochi hakujitetea. Alisema tu kipimo ilionyesha bega iko muzima, na yeye aliamini.

Yaya, kipimo haikuonyesha vile. Ni mimi.

Mugwaneza alirusha na kushoto, vizuri. Akarusha na kuume. Haikufika hata ku kijiti ya kushoto. Ilibaki nyuma kabisa, kipofu angeona. Nilifuta alama na kisigino. Nikasogea mbele, kupita kidogo kijiti ya kushoto, nikainama kama natafuta, nikapiga ngumi mu vumbi, alama ya uongo, nikatia kijiti pale. Nikasoma. Akarudilia, nikarudilia.

Kochi akasema vizuri. Lakini akamuuliza, unaumwa? Mugwaneza akaniangalia, akasema kidogo. Kochi akashika ile bega, akafikiri. Akasema na kipimo kama hii, labda ni kuchoka tu. Mimi nimesimama pale na metre.

Usizanie nilifanya vile juu ya Kigali tu. Bega yangu inaniuma tangu nianze kubeba, na kila siku nabeba. Kwetu siye maumivu si ugonjwa, ni kazi. Nilisema mu moyo, bega ya mutoto ni kama yangu, itazoea. Na sikutaka Latifu arudi ku shantiye na kicheko. Hiyo pia ni kweli, siifichi.

Juzi Mugwaneza aliniambia, Papa, mbele ya Huye ilikuwa inaniuma sana, hata kitambaa ya kichwa nilikuwa nashindwa kufunga. Lakini kipimo ilisema niko muzima, nikajua basi mimi ni muoga. Kisha akaniomba samahani juu ya Kigali. Ananiomba samahani, mimi. Nilitoka inje, nikasema naenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi.

Jana nilienda kwa kochi, nikamuambia. Hakunitukana, ningependa anitukane. Aliniuliza kuume ilibaki nyuma kiasi gani, nikamuonyesha na mikono. Akasema, pale ningemutoa, hangefika Huye. Akaniambia siku ya Mungu hatataja jina yangu. Nikamujibu nitaitaja mwenyewe.

Sasa nakuomba, Yaya. Kuya, lakini usisimame. Nitasimama mimi. Usinitetee, usibaambie ni juu nilifiwa na bibi, mama ya Mugwaneza. Bibi yangu hakuwa pale ku vumbi. Mugwaneza bado hajui. Nitamuambia jioni hii. Akisema hataki kukaa tena kwangu, umupeleke Bukavu, ukae naye vile ulifanya mama yake alipokufa. Usimubembeleze anisamehe. Hiyo si kazi yako.

Umusalimie shemeji, anywe dawa, aache kubishana. Usalimie batoto moja moja. Usisahau kitambulisho, ku mupaka banauliza. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mudogo wako,
Valens

Nimefungua barua tena. Nimemuambia. Hakulia. Anafunga nguo zake mu kitenge na mukono moja, ya kushoto. Nilitaka kumushikia ncha ingine, akaitoa mukononi mwangu. Kuya mapema.